Nasaha kwa Wanaomchagua Kocha Mkuu wa Chuo

Kila chuo kikuu cha Marekani kilicho mwanachama wa NCAA, chama kitawalacho michezo ya vyuo katika nchi ile, hulazimika kumteua mwalimu mmoja awe mwakilishi wa walimu wenziwe katika mambo ya michezo. Na maadamu watu wa Afrika Mashariki wanaosomesha katika vyuo hivyo si haba, yamkini siku moja msomaji wa makala haya akaitwa barazani kusaidia kumchagua kocha mkuu wa futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao huenda alizaliwa na kukua pasipo kuutia machoni. Nasaha hizi nimemwandikia yeye kwanza, kisha mzazi ambaye mwanawe anaitwa akacheze katika chuo kilichobadili kocha jana. Kwa sababu hao wawili hujiona wageni katika jambo hili, na mgeni aghalabu hunyamaza palepale ambapo swali lake lingefaa kuliko maswali ya wenyeji.

Jina litakalowababaisha wajumbe litakuwa la kocha msaidizi kutoka NFL, ligi ya kulipwa yenye timu 32, ambayo kwa watu wa mchezo huu ndiyo kilele cha kazi yote. Litakuja na fahari zake: pete ya ubingwa wa Super Bowl kidoleni, usuhuba na mchezaji mashuhuri, na sifa ya kukaa miaka mingi ubavuni mwa kocha mkubwa akimsikiliza. Wahisani wa chuo watalipenda, magazeti yatalipenda, na mkurugenzi wa michezo atahisi kwamba amekwisha kutua mzigo. Mimi simkatai mtu wa namna hiyo, na humu nitawataja waliofanya kazi njema kabisa. Lakini nasema kwamba pete ile ni shahada ya nyumba aliyotoka, wala si shahada ya mkono wake, na kazi ya mchaguzi ni kuutafuta mkono.

Katika jahazi serahangi huweza kuzijua kamba na tanga kupita nahodha mwenyewe, na siku ya tufani maisha ya wote yakawa mikononi mwake. Walakini hajapata kuulizwa na mwenye mali shehena imelowaje, wala na abiria kwa nini wamekaa baharini siku nyingi, wala yeye siye aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta mabaharia. Msaidizi wa ligi ya kulipwa yu katika hali hiyo. Wachezaji anaowafundisha wamechaguliwa na meneja mkuu wa timu, wamefungwa kwa mikataba, wamekwisha kupepetwa vyuoni hata wakabaki wale 53 wa kikosi, na kila asubuhi huja kazini kwa sababu mshahara wao unategemea hivyo. Yeye huketi na kundi lake dogo, labda watu 10, labda 15, akawaonyesha picha za mchezo uliopita na kuwafunza utakaokuja. Ni kazi ya elimu kubwa, na waifanyao vizuri ni mafundi wa haki. Ila ni kazi ya kunoa kisu ambacho mhunzi mwingine alikwisha kukifua.

Chuoni huletewa chuma. Kijana hufika ana miaka 18, ametoka kwa mamaye kwa mara ya kwanza, mwili haujakomaa, Hisabati inamshinda, mpenzi amemwacha, na katika shule aliyotoka hakuna mlinzi aliyepata kumwangusha. Kikosi, kwa kanuni iliyoanza mwaka 2025, huweza kuwa na vijana kama hao hata 105, na kila mwaka sehemu kubwa yao huondoka, wengine kwa kuhitimu, wengine kwa kuhama. Tangu Oktoba 2018 liko daftari la uhamisho ambamo mchezaji huandikisha jina lake na vyuo vingine vikawa huru kumwita. Tangu Julai 2021 mchezaji ana ruhusa ya kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Na tangu 2025 chuo chenyewe huruhusiwa kuwagawia wachezaji wa michezo yake yote sehemu ya mapato, kwa kikomo cha kiasi cha dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Kwa ajili ya mambo haya wako wasemao kwamba chuo sasa kimekuwa kama ligi ya kulipwa, na kwa hiyo mtu wa ligi ndiye astahiliye kukiongoza. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo yenye hatari. Fedha zimefanana, lakini vifungo havikufanana: mchezaji wa ligi ana mkataba wa miaka, ilhali kijana wa chuo huweza kufunga virago msimu ukiisha, hata kocha mkuu hulazimika kumposa upya kila mwaka mtu aliyekwisha kumwoa. Asiyejua kubembeleza bila kujidhalili, na kukaripia bila kuvunja moyo, hatakaa na watu.

Mfano ulio bayana kuliko yote ni wa Charlie Weis. Alisoma Notre Dame, chuo cha Kikatoliki katika jimbo la Indiana ambacho jina lake na futiboli havitenganiki, akahitimu mwaka 1978, na ingawa hakuichezea timu ya chuo, aliipenda kwa dhati. Baadaye akawa mratibu wa mashambulizi wa New England Patriots, timu iliyotwaa ubingwa mara 3 katika misimu 4, na kwotabeki wake, yaani yule mchezaji aupokeaye mpira kwanza na kuurusha, alikuwa Tom Brady. Notre Dame ilimwajiri Desemba 2004. Msimu wake wa kwanza alishinda michezo 9 akashindwa 3, na kabla msimu huo haujafika mwisho chuo kilimwandikia mkataba mpya wa miaka 10, kwa kuchelea asije akanyakuliwa na timu za kulipwa. Msimu wa pili alishinda 10. Msimu wa tatu, 2007, alishinda 3 akashindwa 9, na miongoni mwa waliomfunga ilikuwa Navy, timu ya chuo cha wanamaji, ambayo ilikuwa imepigwa na Notre Dame mara 43 mfululizo tangu baada ya mwaka 1963. Mwisho wa msimu wa 2009 aliondolewa, hesabu yake ikiwa michezo 35 aliyoshinda na 27 aliyoshindwa, na chuo kikaendelea kumlipa mamilioni ya dola kwa miaka mingi ilhali mwingine amekalia kiti chake.

Msomaji asidhani kwamba Weis alikuwa mjinga au mvivu. Mbinu alizijua, na vijana aliowasajili walikuja na sifa kubwa za sekondari. Lakini ushindi wa miaka miwili ya kwanza ulitokana na wachezaji waliokwisha kuiva, na kwotabeki wao, Brady Quinn, alikuwa amesajiliwa na kocha aliyemtangulia, Tyrone Willingham. Weis alikuta ghala limejaa, akapika vizuri mno. Ghala lilipokwisha, ikambidi alime. Na kulima, yaani kumchukua kijana mbichi na kumlea miaka mitatu hata awe mtu wa kutegemewa siku ya mvua, ilikuwa kazi ambayo miaka yake mingi ya ligi haikumtaka aifanye. Wala hili silisemi juu yake peke yake. Karl Dorrell alitoka kuwafundisha wapokeaji mipira wa Denver Broncos akaenda kuongoza UCLA, chuo alichokichezea ujanani, mwaka 2003 hadi 2007. Naye aliondolewa kwa hesabu ileile, 35 kwa 27. Cam Cameron alitoka katika timu ya ligi ya Washington, alikokuwa akifundisha makwotabeki, akarudi Indiana kwenye chuo alichosoma, akashinda 18 na kushindwa 37 katika misimu 5. Wote watatu walikuwa wana wa nyumba. Kwa hiyo mjumbe akisimama barazani akasema kwamba msaidizi fulani atafaa kwa kuwa ni mhitimu wetu, mjibu kwa adabu kwamba uzawa hufungua mlango, lakini hauwashi moto jikoni.

Sasa nimtaje aliyelima. Kirk Ferentz alikuwa kocha wa safu ya mbele, wale majitu wanaomkinga kwotabeki, katika timu ya Cleveland Browns iliyohamia Baltimore ikaitwa Ravens. Na Chuo Kikuu cha Iowa kilipomchukua mwishoni mwa 1998, waliotaka jina kubwa walinung'unika. Ila ukiyasoma maisha yake ya nyuma utaona kwamba kabla ya ligi alikuwa amefundisha safu hiyohiyo palepale Iowa kwa miaka 9, na tena amekuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Maine kwa misimu 3, mahali ambapo fedha ni chache na kocha mkuu hujifunza kila kazi kwa kuwa hana wa kumtuma. Msimu wa kwanza Iowa alishinda mchezo 1 akashindwa 10. Wa pili alishinda 3 akashindwa 9. Katika vyuo vingi vya leo mtu huyo asingeufikia msimu wa tatu. Wao walingoja, na mwaka 2002 alishinda 11 akashindwa 2. Angalia na watu aliowatumia: Dallas Clark aliingia chuoni pasipo ufadhili wa masomo, akiwa mchezaji wa ulinzi, akageuzwa kuwa mpokeaji mpira, na mwaka 2003 akachaguliwa katika duru ya kwanza ya mgawo wa wachezaji wa ligi; Robert Gallery alisajiliwa kwa nafasi moja, akahamishiwa safu ya mbele, na mwaka 2004 akawa mtu wa pili kuchaguliwa nchini kote. Huo ndio mkono ninaousema. Pete ya ubingwa hakuwa nayo.

Willingham mwenyewe, kabla ya Notre Dame, alikuwa amewafundisha wabeba mpira wa Minnesota Vikings, akapewa ukuu wa Stanford mwaka 1995, akaifikisha kwenye mchezo wa Rose Bowl wa Januari 2000. Na Stanford hakufika mgeni, kwa kuwa alikwisha kuwa msaidizi huko kabla ya kwenda ligi. Butch Davis alitoka uratibu wa ulinzi wa Dallas Cowboys akaenda Miami mwaka huohuo wa 1995, chuo kikaadhibiwa na kupunguziwa nafasi za ufadhili, akajenga upya kwa taratibu, na kikosi alichokiacha mwaka 2001 kilitwaa ubingwa wa msimu wa mwaka huohuo chini ya aliyemrithi. Naye alikuwa amefanya kazi Miami kabla. Utaona basi kwamba hawa walirudi mahali walipokwisha kufanya kazi ya usaidizi, walikobeba mizigo na kuwajua walimu wa sekondari za jirani kwa majina. Na kurudi kwa namna hiyo si sawa na kurudi kwa mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi tu akaondoka na kumbukumbu tamu.

Barazani atatajwa pia Pete Carroll, maana hatajwi mtu wa ligi pasipo yeye kutajwa. Alikwenda chuo cha USC mwishoni mwa mwaka 2000, akaifanya timu ya kuogopwa nchi nzima. Sahihisha kumbukumbu za wajumbe: Carroll alikuwa amekwisha kuwa kocha mkuu wa timu mbili za ligi, Jets mwaka 1994 na Patriots tangu 1997 hadi 1999, na makosa ya ukuu alikwisha kuyafanya kwa gharama ya watu wengine. Mfano wake haumsaidii mtu ambaye hajapata kuwa mkuu popote.

Nije kwenye kalenda, ambayo wachaguzi huidharau. Msimu wa kawaida wa ligi humalizika mwanzoni mwa Januari, na timu iliyo njema huendelea kucheza hata Februari. Ilhali vyuo huanza kuwatia vijana saini Desemba, kama ilivyo tangu 2017, na wachezaji wanaotaka kuhama huhama katika majira hayohayo ya baridi. Kwa hiyo kadiri msaidizi anavyokuwa wa timu bora, ndivyo anavyochelewa kufika. Weis alipoajiriwa aliendelea kuwatumikia Patriots mpaka Super Bowl ya tarehe 6 Februari 2005, siku 4 baada ya siku kuu ya kutia saini. Bill O'Brien, aliyeshika kazi ileile Patriots, alichaguliwa na Penn State Januari 2012 akawa na mabwana wawili hata Februari. Penn State walikuwa katika msiba wa aibu kubwa, na mwezi Julai chuo kikapewa adhabu ambayo iliwaruhusu wachezaji kuhama papo hapo bila kukaa msimu nje. O'Brien akawakalisha walio wengi, akashinda 8 na kushindwa 4 mwaka huo, na 7 kwa 5 mwaka uliofuata. Kilichomsaidia, kwa maoni yangu, ni kwamba kabla ya ligi alikuwa amefundisha vyuoni kwa miaka mingi, Brown, Georgia Tech, Maryland na Duke. Hata hivyo baada ya misimu 2 alirejea ligi kuongoza Houston Texans. Mwulize mwombaji, basi, maswali mawili bila kumung'unya: nani atakayekaa ofisini na kuwapigia simu wachezaji wetu tangu siku utakapotangazwa hata siku utakapofika? Na timu ya ligi ikikuita mwaka wa pili, utatuambia lini?

Swali la tatu ni la mbinu, na wewe mwalimu usiliogope. Uwanja wa chuo si uwanja wa ligi. Ile mistari miwili ya vipande katikati ya uwanja, ambayo baina yake mchezo huanzishwa, katika ligi imeachana kwa futi 18 na inchi 6, na katika vyuo kwa futi 40. Ndiyo maana mchezo wa chuo mara nyingi huanzia pembeni, upande mmoja ukabaki na uwanda mpana wa kukimbilia, na timu dhaifu yenye kijana mwepesi huweza kuiadhibu timu ya majitu. Tena kijana wa chuo, msimu unapokuwa unaendelea, haruhusiwi kufanya kazi ya mchezo zaidi ya saa 20 kwa wiki, wala zaidi ya saa 4 kwa siku, na lazima apewe siku moja ya mapumziko. Mtu wa ligi amezoea daftari la mbinu nene kama kamusi na watu wazima wasio na mtihani wa Kemia kesho yake. Mwambie: katika daftari lako utatupa nini? Akijibu kwamba hatupi kitu, kwa kuwa vijana watajifunza, mshukuru kwa safari yake. Akitaja mbinu hii na hii, na sababu ya kuziacha, mtu huyo amekwisha kufikiri juu ya watoto wenu.

Swali la nne ni juu ya watu atakaokuja nao. Msaidizi wa ligi marafiki zake ni wasaidizi wa ligi, na akiwaleta wote ataunda baraza la mafundi wa visu pasipo mhunzi hata mmoja. Jedd Fisch alipotoka Patriots, alikokuwa kocha wa makwotabeki, akachukua Arizona Desemba 2020, timu hiyo ilikuwa imefungwa michezo 12 mfululizo. Aliwaita wachezaji mashuhuri wa zamani wa chuo hicho, Ricky Hunley akiwa kocha na Tedy Bruschi akiwa mshauri, ili nyumba iwe na wenyewe ndani yake. Na yeye mwenyewe alikwisha kufanya kazi katika vyuo kadhaa. Alishinda 1 akashindwa 11, kisha 5 kwa 7, kisha 10 kwa 3. Msimu huo ulipokwisha, Januari 2024, alikwenda Chuo Kikuu cha Washington.

Kuhusu mkataba nitasema kidogo. Mpe miaka ya kutosha kuwaona vijana aliowasajili mwenyewe wakifika mwaka wa tatu, na kabla ya hapo usimwongezee hata siku moja, hata ashinde kila mchezo. Kwa sababu hadi wakati huo hujui kama unamlipa yeye au unamlipa aliyemtangulia. Fidia ya kuvunja mkataba iandikwe pande zote mbili.

Yako pia mambo ambayo mwombaji ana haki ya kuyajua kwenu. Jeff Hafley, kocha mkuu wa Boston College, mapema mwaka 2024 aliuacha ukuu akaenda kuwa mratibu wa ulinzi wa Green Bay Packers, akarudi kuwa msaidizi kwa hiari yake. Basi, yasije yakawapata hayo, msimwambie mtu kwamba mnamwita kufundisha futiboli ikiwa nusu ya wiki yake itakuwa kwenye meza za wahisani akiomba fedha. Mwambieni ukweli, mkamtazame usoni anapousikia.

Nawe mjumbe, kabla ya kupiga kura, tafuta jina la kijana mmoja ambaye mwombaji huyu alimsajili alipokuwa chuoni zamani, si aliyekuja kuwa nyota, bali mmoja wa wale waliokaa benchi miaka minne. Mpigie simu mama yake. Mwulize kama kocha alirudi kumwangalia mwanawe baada ya kumtia saini, na kama mtoto alihitimu. Andika maneno yake kama atakavyoyasema, uyapeleke barazani, uyasome kwa sauti.